Metodi Zinazosomeka: Ushauri kwa Wanaounda Maktaba za Hoja

Tazama mstari huu wa msimbo. Ndugu zake wamejaa katika mifumo tunayoitumia kila siku:

`wateja.tafuta("jina", "%juma%", kweli, si_kweli)`

Aliyeuandika anajua alichokusudia, angalau kwa wiki ile. Anayeusoma mwaka mmoja baadaye ana maswali mengi. Ile `kweli` inawasha nini, na `si_kweli` inazima nini? Alama za asilimia ziliwekwa na msanidi, au zilikuja na mtumiaji aliyeandika kwenye kisanduku cha kutafutia? "JUMA" na "juma" ni kitu kimoja hapa? Ili ajibiwe, itabidi afungue maktaba yenyewe, asome metodi `tafuta` mwanzo hadi mwisho, kisha arudi alipokuwa. Kama kazi imembana, atakisia tu, na utafutaji ni eneo ambalo kukisia hakukawii kuleta majibu yasiyo sahihi ambayo hakuna anayeyagundua, kwa sababu skrini haionyeshi kosa lolote. Inaonyesha orodha tu, pungufu au iliyozidi.

Nawaandikia wanaounda maktaba za hoja, ziwe za kutumiwa na umma au lile tabaka dogo ambalo timu moja imejijengea juu ya hifadhidata yake. Ninachowaomba ni hiki: jina la metodi liseme mtu anatafuta nini, na kazi yote iliyobaki ya kufikisha nia hiyo salama kwenye hifadhidata ibebwe na maktaba. Anayeita metodi asibebeshwe mzigo huo.

Mzigo wenyewe una historia. SQL ilianza kwenye maabara za IBM, kwa kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce iliyochapishwa mwaka 1974, na ilipopata kiwango chake rasmi cha kwanza mwaka 1986, neno `LIKE` lilikuwa tayari ndani. Lina alama mbili tu: `%` kwa herufi zozote za idadi yoyote, na `_` kwa herufi moja yoyote. Ni lugha ndogo sana, na kwa mtu anayeandika SQL kwa mkono inatosha. Tatizo linaanza pale maktaba inapoikabidhi lugha hiyo jinsi ilivyo kwa msanidi, naye anaiacha wazi kwa mtumiaji wa mwisho ambaye hajui hata kama ipo.

Hebu tujiulize watu hutafuta nini hasa. Ukikusanya hoja za mfumo wowote wa kawaida, wa hospitali, wa duka, wa shule, nyingi zinaangukia maswali machache: thamani inaanza na maandishi haya; inaishia na haya; ina haya mahali fulani ndani yake; ni sawa na haya pasipo kujali herufi kubwa na ndogo. Basi hayo yawe majina ya metodi zako: `inaanzaNa`, `inaishiaNa`, `ina`, `niSawaNa`. Hapa nayaandika kwa Kiswahili. Wewe yaandike kwa lugha ambayo timu yako inasomea msimbo. Muhimu ni kwamba mstari ule wa juu sasa unakuwa hivi:

`wateja.ambapo(jina.ina("juma").bilaKujaliHerufi())`

Mstari umerefuka, na hilo halina ubaya wowote. Msimbo huandikwa mara moja ukasomwa mara nyingi, na hapa msomaji hana haja ya kufungua faili lingine.

Maktaba kubwa zilishaiona njia hii, kila moja kwa namna yake. Django ina `contains`, `startswith` na `endswith`, na ukiweka `i` mbele, kama `icontains`, herufi kubwa na ndogo zinakuwa sawa. Spring Data inaruhusu jina refu kama `findByNameContainingIgnoreCase`, ambalo hata mgeni wa Java analielewa. Humo humo kuna somo: ukitumia `Containing`, maktaba inaongeza alama za asilimia yenyewe; ukitumia `Like`, inakuachia wewe. Majina mawili, ahadi mbili tofauti, na kila jina linatimiza la kwake. Kwa watu wa Rails, nyongeza ya Ransack inatumia vifupisho kama `name_cont` na `name_start`. Mimi vifupisho hivyo sivipendi. Herufi nne zinazookolewa kwenye kibodi zinalipwa na kila msanidi mpya atakayeuliza `cont` ni nini.

Sasa tuingie kwenye sehemu ambayo maktaba nyingi zinalegea: kuzima nguvu ya zile alama mbili.

Chukua ghala lenye bidhaa ambazo namba zake zimeandikwa hivi: `SUK_01`, `SUK-01`, `SUKA01`. Karani anaandika `SUK_01` akitaka bidhaa moja. Maktaba inaunganisha asilimia huku na huku na kupeleka `'%SUK_01%'`. Kwa hifadhidata, kile kistari cha chini ni herufi yoyote, kwa hiyo bidhaa zote tatu zinarudi. Karani akichagua ya juu kwenye orodha, anaweza kupunguza akiba ya bidhaa nyingine kabisa. Na tambua kwamba maandishi yalipelekwa kama kigezo kilichotenganishwa na hoja, kama tunavyofundishwa ili kuzuia udukuzi wa SQL. Vigezo vinazuia mtu asiingize amri yake ndani ya hoja yako. Havizuii `%` na `_` kufanya kazi yake ndani ya `LIKE`. Wasanidi wengi wazuri wanachanganya ulinzi huu na ule, na maktaba isiyosema chochote inawaacha waendelee kuchanganya.

Kwa hiyo, ndani ya `ina`, `inaanzaNa` na `inaishiaNa`, alama hizo zizimwe siku zote bila kuombwa. SQLAlchemy inayo njia ya kufanya hivyo kwa `autoescape`, lakini lazima uiwashe mwenyewe; ukisahau, `contains` inaacha `%` na `_` zikiwa na nguvu zake. Naiheshimu sana maktaba ile, ila kwa hili ningegeuza: usalama uwe ndio hali ya kawaida, na anayetaka alama zifanye kazi ndiye aseme. Rails nayo tangu toleo la 4.2 ina `sanitize_sql_like`, chombo kizuri kinachomtegemea msanidi akumbuke kukitumia kila mahali. Kile kinachotegemea kumbukumbu ya mtu kitasahauliwa siku moja, mara nyingi Ijumaa jioni.

Unapoandika uzimaji huo, zingatia mpangilio. Tuseme alama ya kuzimia ni `\`, na mtumiaji ameandika `50%`. Ukianza kwa kubadilisha `%` unapata `50\%`. Kisha ukibadilisha kila `\` kuwa `\\` unapata `50\\%`, na hifadhidata itasoma hivi: mkwaju wa kawaida, halafu asilimia yenye nguvu zake zote. Umezunguka ukarudi kwenye tatizo. Kwa hiyo shughulikia alama ya kuzimia yenyewe kwanza, ndipo `%` na `_` zifuate. Ni mistari mitatu ya msimbo, lakini inastahili majaribio yake yenyewe yanayokwenda na maandishi kama `a\b`, `100%_` na `\%`.

Tena usidhani kila injini inaielewa `\`. PostgreSQL na MySQL zinaichukua kama alama ya kuzimia hata usipoitaja. SQLite na Oracle hazina alama yoyote mpaka uandike `ESCAPE`. SQL Server nayo inahitaji `ESCAPE`, na juu ya hapo mabano ya mraba yana maana ndani ya `LIKE`, kwa hiyo `[` pia inabidi izimwe. Njia salama ni maktaba kuandika `ESCAPE` waziwazi kwenye kila hoja inayotengeneza, kwa kila injini. Wengine huchagua alama nyingine kama `!` au `/` ili kukwepa matatizo ya `\`, ambayo MySQL huisoma pia ndani ya maandishi ya kawaida. Nami naliunga mkono chaguo hilo.

Herufi kubwa na ndogo ndizo zinazowachanganya watu zaidi wanapohama kutoka injini moja kwenda nyingine. `LIKE` ya PostgreSQL inatofautisha. Asiyetaka tofauti anatumia `ILIKE`. MySQL 8.0 kwa mpangilio wake wa kawaida, `utf8mb4_0900_ai_ci`, haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na wala haijali viambatisho vya juu ya herufi. SQLite haitofautishi, lakini kwa zile herufi 26 za Kilatini za kawaida tu. `É` na `é` kwake ni vitu viwili. Django inalikiri hili kwenye maelezo yake: ukiwa na SQLite, `contains` inafanya kazi kama `icontains`.

Matokeo yake kila timu imeyaona. Msanidi anajaribu kwenye kompyuta yake kwa SQLite, kila kitu kinapatikana. Mfumo unapandishwa kwenye seva yenye PostgreSQL, na wateja walioandikwa kwa herufi kubwa "wanapotea". Ushauri wangu ni kwamba metodi yenye jina moja isiwe na maana mbili kwenye injini mbili. Amua kuwa `ina` inatofautisha na `bilaKujaliHerufi` haitofautishi, au amua kinyume chake, kisha ifanye maktaba itimize uamuzi huo kila mahali, hata kama kwenye injini fulani itabidi itaje mpangilio wa herufi au itumie njia ndefu. Mahali ambapo haiwezekani, metodi ikatae kwa kosa linaloeleweka. Kukataa kunamuudhi msanidi kwa dakika tano. Kutoa jibu tofauti kimyakimya kunamgharimu mteja wake.

Na tafadhali, uchaguzi huo usiuweke kama kigezo cha kweli na si kweli mwishoni mwa metodi. Tumeona mwanzoni jinsi unavyosomeka.

Nifike kwenye ukanushaji, kwani humu mna jambo la hatari. Mwalimu mkuu anaomba orodha ya wanafunzi ambao maelezo yao hayataji neno "ada". Msanidi anaandika `maelezo.haina("ada")`, maktaba inatafsiri kuwa `NOT LIKE '%ada%'`, orodha inatoka. Wanafunzi ambao sehemu ya maelezo haijawahi kujazwa kabisa hawamo. Kwenye SQL, ukiuliza kama NULL inafanana au haifanani na kitu, jibu si ndiyo wala hapana. Jibu ni NULL tena, na rekodi ambayo sharti lake limetoa NULL inaachwa nje. Kwa mwalimu mkuu, mwanafunzi asiye na maelezo yoyote bila shaka hana maelezo yanayotaja ada. Kwa SQL hoja hiyo haipo.

Nani afuatwe? Mimi namfuata mwalimu mkuu. Metodi inayosomeka `haina` inapaswa kuwajumuisha wasio na kitu, kwa kuongeza `OR maelezo IS NULL`. Django inafanya hivyo kwenye `exclude`, na kwangu hilo ni moja ya maamuzi yake ya busara zaidi. Wapo wanaopinga wakisema maktaba isiongeze vitu ambavyo mtu hakuviomba, na hoja hiyo ina uzito kwa maktaba iliyo karibu sana na SQL. Ukifuata njia yao, basi jina libadilike pia: liwe `siKamaRuwaza` au kitu kingine kinachomfanya msomaji ajue amekanyaga ardhi ya SQL. Kubaki na jina la lugha ya kawaida huku maana ikiwa ya SQL ndiko kunakowakosesha watu wanafunzi wao.

Maandishi matupu nayo yanahitaji uamuzi. `ina("")` inakuwa `LIKE '%%'`, ambayo inakubali kila rekodi isiyo NULL. Kwenye ukurasa wa kutafutia huenda ndicho unachotaka: kisanduku kitupu, onyesha wote. Kwenye metodi ya kufuta, ni kufuta jedwali karibu zima. Ningependa maktaba ikatae maandishi matupu kabisa na kumwambia msanidi aamue mwenyewe huko juu kama sharti liwekwe au liachwe. Mantiki kama hiyo iwepo kwa orodha: `inaMojawapo([])` isipate rekodi yoyote, kwa sababu hakuna hata moja iliyotimia, `inaZote([])` kimantiki inakubali zote, na kwa sababu hiyo hiyo ni bora ikatae.

Kuna gharama ambayo majina mazuri yanaweza kuificha. `inaanzaNa("Mwa")` na `ina("mwa")` zinasomeka kama ndugu wawili, lakini hifadhidata inaziona tofauti mno. Ya kwanza inaweza kutumia faharasa ya kawaida ya B-tree, kama vile mtu anavyofungua kamusi moja kwa moja kwenye herufi M. PostgreSQL itahitaji faharasa iliyojengwa kwa `text_pattern_ops` au mpangilio wa herufi wa `C` ili ifanye hivyo. Ya pili haina pa kuanzia, inasoma jedwali zima. Kwenye rekodi elfu mbili hakuna atakayehisi. Kwenye milioni kadhaa, ukurasa unaganda. PostgreSQL ina nyongeza ya `pg_trgm` inayokata maandishi vipande vya herufi tatu tatu na kuvijengea faharasa, nayo inaisaidia sana `ina`, mradi kinachotafutwa kisiwe kifupi mno. Usijaribu kuyasema haya kwenye jina la metodi. Yaseme kwenye maelezo yake, mstari wa kwanza kabisa, pale ambapo kihariri cha msimbo kinamwonyesha msanidi anapoandika.

Sisi tunaohifadhi maandishi ya Kiswahili tuna mambo yetu mawili ya kuangalia zaidi. La kwanza ni ritifaa. "Ng'ombe" iliyoandikwa kwenye kompyuta mara nyingi ina ile ritifaa iliyonyooka, U+0027. Iliyoandikwa kwenye simu nyingi huja na iliyopinda, U+2019. Kwa jicho ni neno moja, kwa hifadhidata ni maneno mawili yasiyofanana. Mkulima aliyeandikishwa kwa simu kwa jina la Ng'ang'a hatapatikana na afisa anayetafuta kwa kompyuta. Sanifisha wakati wa kuhifadhi, si wakati wa kutafuta: chagua alama moja, badilisha nyingine zote kabla rekodi haijaingia, na maandishi yanayotafutwa yapitishe kwenye kazi hiyo hiyo.

La pili ni kwamba `ina` hutafuta kipande cha maandishi, haitafuti neno. `ina("mti")` italeta "mti", na italeta "mtihani" pia. Haitaleta "miti", ingawa kwa msemaji yeyote wa Kiswahili mti na miti ni kitu kimoja katika umoja na wingi. Sarufi yetu inabadilika mwanzoni mwa neno, na zana nyingi za utafutaji zimejengwa kwa lugha zinazobadilika mwishoni. PostgreSQL inakuja na kanuni za kupata mashina ya maneno ya lugha kadhaa, Kiswahili hakimo. Unabaki na mpangilio wake wa `simple`, unaogawa maneno bila kuyachambua. Kwa hiyo usiite metodi `inaNeno` kama ndani yake mna `LIKE` tu. Lihifadhi jina hilo kwa siku utakayokuwa na utafutaji wa maneno kamili, na mpaka hapo acha `ina` iahidi kile inachoweza.

Baada ya yote hayo, acha mlango mmoja kwa wanaohitaji ruwaza yenyewe, kwa sababu watakuwepo: mtu anatafuta namba za usajili wa magari zenye umbo fulani, au anarekebisha data chafu. Mpe `kwaRuwaza("T ___ A%")`, isiyozima chochote, na maelezo yake yaseme wazi kwamba maandishi ya mtumiaji yasipitishwe hapo. Regeksi iwe metodi nyingine kabisa, `kwaRegeksi`, kwa kuwa lahaja zake zinatofautiana mno kutoka injini hadi injini kiasi kwamba hakuna maktaba inayoweza kuahidi zitafanana. Majina haya mawili yanamsaidia pia anayekagua msimbo. Akitafuta `kwaRuwaza` kwenye mradi mzima anapata sehemu zote zinazostahili jicho la pili, na huenda ni chache tu.

Kama tayari una ile `tafuta` ya zamani na watu wanaitumia, usiiondoe kwa ghafla. Iache toleo moja au mawili ikitoa onyo linalotaja metodi mbadala kwa jina. Hatari ya kipindi hicho iko upande mwingine: msanidi aliyezoea atahamia `ina` akiendelea kuandika `ina("%juma%")`, na kwa kuwa sasa alama zinazimwa, mfumo utatafuta mteja mwenye asilimia kwenye jina lake na kurudisha orodha tupu. Kwa muda huo wa mpito, ifanye `ina` iandike onyo kwenye kumbukumbu za mfumo kila inapopokea maandishi yanayoanza na kuishia na `%`, pamoja na jina la faili na namba ya mstari. Isiziondoe alama hizo yenyewe, maana yupo atakayekuwa anatafuta `%` kweli.